Lapu stili: nyuzi hazinyamazi, mkono wa kulia niuweke vipi?

Chuma_Arua
Habari zenu wakubwa. Nina lapu stili, lile gitaa la umeme la kulaza mapajani, ya nyuzi sita, nimeifunga C6, yaani kuanzia uzi mnene ni C E G A C E. Nilijifunzia nyumbani bila spika, maana umeme wetu hapa Arua tunaujua, nikajiona fundi. Jumapili nikachomeka kanisani. Nikapiga F, chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi kikiwa freti ya 5, nikateleza hadi ya 7 kuitafuta G. Kila uzi niliougusa tangu mwanzo wa ubeti ukateleza nami huku ukilia. Mwalimu wa kwaya akauliza nani kamkanyaga paka. Nazima kwa kiganja, lakini mara nyingine uzi unatoa kamlio kembamba kama filimbi. Nakosea wapi?

KuchaTatu
Pole ndugu, huyo paka sote tumemfuga. Hiyo filimbi inatokana na kugusa uzi kwa sehemu ndogo mno. Ukiangukia theluthi au robo ya urefu kati ya chuma na daraja, uzi haufi, unapanda juu. Laza ukingo wote wa kiganja, ule wa upande wa kidole cha mwisho, uzifunike nyuzi zote.

Halafu wengi hudhani mkono unashuka ili uzime. Sivyo. Makao yake ni hapo juu ya nyuzi. Unainuka kidogo kucha za kuvaa vidoleni zinapopiga, kisha unarudi. Usibonyeze. Chukua uzi mmoja: ta, kimya, ta, kimya, na kimya kiwe kirefu sawa na mlio. Mimi nilifanya hivyo wiki nzima, hadi mke wangu akauliza wimbo wenyewe unaanza lini.

Wa_Adungu
Kwenye nyimbo za mbio kiganja kitachelewa. Zima kwa kucha zenyewe: gumba limepiga uzi wa 4, sasa kidole cha kati kinapiga wa 2, papo hapo gumba linarudi kuukalia wa 4. Lirudi mara moja bila kusita, la sivyo kucha itakwaruza kama nzi ndani ya chupa. Mimi nimetokea kwenye adungu, kinubi cha huku kwetu Uganda. Kule uzi ukiusahau unafifia wenyewe palepale ulipo. Huku unakufuata.

KuchaTatu
Kweli. Ila aanze na kiganja, kucha baadaye.

Mgeni_Jinja
Na kushoto je? Vidole vilivyo nyuma ya chuma viburuzike juu ya nyuzi. Upande ule nao hulia.

Chuma_Arua
Asanteni. Nimechomeka leo asubuhi umeme ulipokuwepo. Toka 5 hadi 7 pametulia, isipokuwa uzi wa 6, ule mnene wa karibu na tumbo. Huo haunyamazi kabisa.

KuchaTatu
Umekunja kifundo cha mkono, kiganja kimenyanyuka upande wako. Sogeza gitaa mbele kidogo kuelekea magotini, halafu ushushe kifundo.