Kanisa la Brixworth: je, matofali ya Kirumi yanathibitisha umri wake?

Swali
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu kanisa la parokia la All Saints, kijijini Brixworth, Northamptonshire, Uingereza. Matao yake yamejengwa kwa matofali ya Kirumi, na wapo waandishi wa zamani walioamini kwamba jengo lenyewe ni la Warumi. Je, hoja hiyo ina mashiko? Tena, kwa nini ukuta wa nje una matao makubwa yaliyozibwa?

Jibu
Ndugu, tofali hueleza lilikochomwa, si siku lilipowekwa ukutani. Tazama lilivyopangwa: mwashi wa Kirumi angeelekeza kila tofali kwenye kitovu cha tao, ilhali hapa mengi yamelala upande, na nafasi zilizobaki zimejazwa chokaa nene. Aliyejenga alikuwa na mali ya Warumi bila ufundi wao. Wataalamu wengi sasa huliweka jengo hilo mwishoni mwa karne ya 8 au mwanzoni mwa karne ya 9, na baadhi ya mawe yake yanaaminika kuwa yalisombwa kutoka magofu ya Kirumi ya mji wa Leicester, umbali wa kilomita 40 hivi.

Jibu
Naongezea kuhusu matao. Yalikuwa njia za kuingilia vyumba vya pembeni, na vyumba hivyo vilipobomolewa, matao yakazibwa na kutobolewa madirisha. Katika tao moja la upande wa kusini, Wanormani, watawala waliotoka Normandy, Ufaransa, waliingiza mlango wao katika karne ya 12. Mnara nao ulianza kama ukumbi wa kuingilia, kisha ukapandishwa, na upande wa magharibi ukaambatishwa kinara cha mviringo chenye ngazi, ambacho kiliuziba mlango mkuu wa awali. Sehemu ya kengele na kilele chenye ncha ni nyongeza za karne ya 14.

Mwuliza swali
Nashukuru. Basi nusu-duara iliyo nyuma ya madhabahu, inayopendeza mno pichani, nayo ni ya Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kabla ya Wanormani?

Jibu
Kwa sehemu tu. Katika miaka ya 1860 kasisi wa parokia, Charles Watkins, alisimamia ukarabati ulioondoa chumba cha mraba cha madhabahu kilichojengwa Enzi za Kati, na nusu-duara ikajengwa upya juu ya misingi ya kale. Ukuta wa asili uliosalia uko hasa upande wa kaskazini. Binafsi naona walilipa gharama kubwa, kwa kuwa walifuta karne kadhaa za historia ili kuirejesha moja.