Supamaketi au soko la Kalerwe, hoho nipeleke wapi?

mkulima_bombo: Habari ndugu zangu, niko Bombo hapa Uganda nalima nyanya, hoho na dodo (mchicha) kidogo. Siku zote kuna mchuuzi anakuja na pikapu mpaka shambani anabeba kila kitu kupeleka soko la Kalerwe kule Kampala, bei anapanga yeye, soko likijaa ndo usiseme. Sasa nasikia supamaketi za Kampala wanalipa vizuri na bei haipandi haishuki kila asubuhi, ila wanataka hoho za saizi moja na uwe na TIN, ile namba ya mlipa kodi. Nihamie huko ama?

mama_nakati: Kaka bei ni kweli, lakini ushauliza pesa inaingia lini? Wengi mpaka mwezi upite na wewe vibarua wanakungoja jumamosi jioni hiyohiyo. Halafu wanachagua hao, hoho ikiwa na kovu tu inarudishwa na usafiri ni juu yako, sasa saa nne asubuhi utamuuzia nani wakati Kalerwe watu wa jumla wameshamaliza tangu alfajiri? Dodo usijaribu kabisa, ikilala imekufa.

jinja_shamba: Mi nagawa. Hoho za rangi na letasi naenda nazo supamaketi maana sokoni hazina wateja wengi, nyanya zote sokoni, hata zile mbovumbovu zinapata mtu wa kibanda cha chakula. Na nyanya zikipanda kiangazi nafaidi, ukiwa na bei ya mkataba unabaki kuangalia wenzio tu 😂

mzee_wa_bustani: Vijana mmesahau haraka. Supamaketi ya Uchumi walifunga 2015 sapulaya wakabaki wanadai, Nakumatt nao wakaenda, Shoprite wakaondoka 2021. Huyo mchuuzi mnamsema lakini nani anakukopesha mbegu na dawa msimu ukianza? Ana kasoro zake, kwenye boksi la nyanya anataka ulijaze mpaka limwagike, ila simu yake inapokelewa.

mkulima_bombo: Shikamoo mzee, hapo kwenye mbegu umenipata, nina deni lake hata sasa. Basi hoho tu ndo nitajaribu, tena nikijiunga na jirani wawili ili mzigo utoshe, nyanya na dodo aendelee kubeba. Kreti za plastiki mnapata wapi?

mama_nakati: Ulizia soko la Owino Kampala, zipo hata zilizotumika. Na kabla hujapeleka hata hoho moja waandikie siku ya kulipa kwenye karatasi wasaini, ya mdomo achana nayo.