Kilwa Kisiwani siku moja: nibebe lenzi ngapi?

Kijana_wa_Shangani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Dada mmoja fundi cherehani kanipa kazi ya kupiga picha magauni yake ya vitenge kule Kilwa Kisiwani. Wanamitindo wawili, magauni 8. Tunalala Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, alfajiri tunavuka. Nina kamera 2, lenzi za milimita 24-70, 70-200 (ya kuvuta mbali) na 50, flashi 2, stendi, mwavuli wa flashi na rifulekta ya kurudisha mwanga. Nikipanga vyote begi linanishinda, nikitoa kimoja roho inaniuma. Msaidizi ni mdogo wangu tu, naye kabeba magauni. Mngeacha nini?

Fundi_Flashi: Beba vyote. Bora kirudi hakijaguswa kuliko kukikumbuka uko ng'ambo.

Mzee_Lindi: Huyo anayesema beba vyote hajatembea pale kisiwani kutoka ngome ya Gereza hadi magofu ya Husuni Kubwa jua la saa sita.

Mwanangu, anza na magauni, begi baadaye. Kila gauni mteja anataka picha zipi? Mwili mzima, nusu, na kitambaa kwa karibu. 24-70 inazimaliza zote. Ile 50 ni ya ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya makuba, mwanga ukiwa haba. Haina uzito wa kulalamikia. 70-200 najua ndiyo kipenzi chako, inafuta kila kilicho nyuma ya mtu. Sasa utoke Mtwara, ushuke Nangurukuru, uingie Masoko, uvuke maji, halafu zile kuta za matumbawe uzifanye ukungu? Si bora mpige uwanjani kwenu.

Kamera ya pili usiiache, hapo sibishani. Moja ifunge 24-70, nyingine 50, na usibadilishe lenzi kwenye boti wala ufukweni. Kusi ikivuma, maji ya chumvi yanaruka hadi ndani ya begi.

Flashi moja inatosha. Mwavuli wa nini na upepo ule? Kuanzia saa nne ingieni kwenye kivuli cha kuta, mdogo wako ashike rifulekta. Uzito uliobaki uwe maji ya kunywa. Na kibali kateni Masoko kabla ya kuvuka, mseme wazi ni picha za biashara. Pale ni Urithi wa Dunia tangu 1981, si shamba la mjomba.

Bi_Mikindani: Mbona hamji Mikindani? Boma la Mjerumani la 1895 lipo, nyumba za zamani zipo, na ukisahau kitu unapanda bajaji unakifuata nyumbani.

Kijana_wa_Shangani: Shikamoo mzee. Bi Mikindani, nilimshauri hivyo hivyo, mteja kang'ang'ania Kilwa. Mzee, vipi mteja akitaka picha ya mwanamitindo akiwa kwenye ngalawa, mimi nikiwa nchi kavu? Hapo 70-200 si lazima?

Mzee_Lindi: Marahaba. Mwambie nahodha asogee. Maji yakikupwa unaingia mwenyewe hadi magotini, kamera shingoni, unapiga kwa 70 ya ile 24-70. Usivae viatu vya ngozi.

Kijana_wa_Shangani: Basi naibeba, ila naiacha gesti.

Mzee_Lindi: Ukashinde kisiwani roho ikiwa gesti? Iache Mtwara.