Kituo kinachorusha The Fresh Prince of Bel-Air ovyo ovyo kimetuvuruga vya kutosha

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba kila anayeipenda The Fresh Prince of Bel-Air, komedi ya Kimarekani kuhusu kijana Will anayeishi na familia tajiri ya akina Banks, ausome hadi mwisho. Kuna kituo kimoja cha televisheni tunachokipata hapa Dar es Salaam ambacho kinarudia komedi hii kila jioni, na tangu kianze kinachanganya sehemu zake bila mpangilio: leo msimu wa 5, kesho wa 2, keshokutwa wa 4.

Wiki iliyopita tulimwona Trevor, mchumba wa Hilary, binti mkubwa wa akina Banks, akifa baada ya kujirusha kwa kamba ili amchumbie mwenzake mbele ya kamera za habari, na siku mbili baadaye huyo huyo Trevor akaonekana mzima wa afya. Nicky, mtoto wa mwisho wa akina Banks, alikuwa akikimbia na kujibizana na wakubwa, kisha akarudi kuwa mchanga wa kubebwa, hata mpwa wangu niliyekuwa nikitazama naye akaniuliza, "Mjomba, kwani huyu wamemzaa tena?"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba komedi hii ina makosa yake halisi ya mwendelezo, yaani mambo yasiyolingana kati ya sehemu moja na nyingine, ambayo wapenzi wake tunayajua na kuyathamini, na kituo hiki kinayafukia chini ya makosa ya kubuni. Janet Hubert aliigiza kama Vivian Banks, mama wa familia hiyo, kwa misimu 3 ya kwanza, na alipopata ujauzito waandishi wakauingiza katika hadithi, ndipo Nicky akazaliwa. Msimu wa 4 ulipoanza mwaka 1993, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Daphne Maxwell Reid, na familia nzima ikaendelea kuishi naye kana kwamba hakuna kilichotokea. Waandishi hawakulificha jambo hilo. Walimfanya Jazz, rafiki wa Will, amwambie mama huyo kwamba tangu ajifungue kuna kitu kimebadilika kwake, naye Will akageuka kuitazama kamera. Mzaha huo unamchekesha mtu aliyekwisha kumzoea Hubert, lakini ukirushwa kabla mtazamaji mgeni hajamwona mama wa kwanza, unapita bila mtu kuelewa. Nicky naye alikuwa bado mtoto mdogo sana katika msimu wa 4, kisha akaingia wa 5 akiwa kijana wa kwenda shule, akiigizwa na Ross Bagley. Mruko huo wa umri ni wa waandishi wenyewe, na una ladha yake ukitazamwa mahali pake.

Chukueni pia shati la Jazz. Kipande cha yeye kurushwa nje ya mlango na Uncle Phil, baba wa akina Banks, kilipigwa picha kisha kikatumiwa tena na tena, kwa hiyo ilibidi aingie akiwa amevaa shati lile lile ili picha zilingane. Mtazamaji makini akiliona tu shati hilo mlangoni anajua Jazz hatamaliza mazungumzo. Hii ni elimu ya jinsi televisheni inavyotengenezwa, na mtu anaipata kwa kufuata sehemu kwa utaratibu wake.

Kuna pia kosa la pili, nalo halina utetezi wowote: kituo kinakata majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwishoni mwa kila sehemu ili kiwahi matangazo. Sehemu nyingi za komedi hii huyapitisha majina hayo pamoja na vipande vya waigizaji wakikosea maneno na kuangua kicheko, na hapo ndipo unapowaona James Avery, anayeigiza Uncle Phil, na Alfonso Ribeiro, anayeigiza mwanawe Carlton, wakiwa wao wenyewe. Kwa msimu wa 1 hakuna hasara kubwa, maana huko kosa limo ndani ya igizo lenyewe: Will Smith, anayeigiza Will, ambaye alikuwa mwanamuziki asiye na uzoefu wa kuigiza, alikariri maneno ya kila mtu, na midomo yake inaonekana ikiyafuata wenzake wanapozungumza.

Nilipopiga simu kulalamika, nilijibiwa kwamba hivi ni vichekesho tu na kila sehemu inajitegemea. Jibu hilo ni la dharau. Sehemu 148, zilizorushwa na NBC, kituo cha Marekani, kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, zina mpangilio unaojulikana, na kuufuata hakuhitaji fedha wala mtambo mpya.

Yeyote aliyeona sehemu nyingine iliyorukwa au kukatwa aandike hapa tarehe na saa. Jumatatu napeleka barua idara ya vipindi, na nataka iambatane na orodha ambayo hawataweza kuikana.