Kijana wangu anapenda raga ya Australia lakini uwanja wetu wa Nakuru hataki hata kuuona, nifanyeje?

FlankaWaFreeArea:
Wadau habari za jioni. Hii maneno imenisumbua karibu mwezi mzima na nimeona niandike hapa juu wengi wenu mmekulia kwa raga kama mimi.

Niko na miaka 54, naishi Nakuru. Nilianza raga form two, flanka, yule mkabaji wa pembeni, jezi namba 7, nikaja kuchezea timu ya pili ya klabu miaka ya tisini mpaka goti likakataa. Lakini Wanyore, klabu yetu ya raga ya Nakuru, sijawahi kuacha. Ile 2013 tulichukua Kenya Cup, ubingwa wa klabu za raga Kenya, na 2014 tukaichukua tena, huyu kijana wangu alikuwa mdogo, kila Jumamosi tuko naye uwanja wetu wa Athletic, nimemvalisha jezi yangu ya zamani inamfika kwa magoti, anakimbia na chupa ya maji pale pembeni akidhani na yeye ni wa timu.

Sasa ako na miaka 19, amemaliza form four, anangoja kuingia campus. Kuna binamu yake ako Brisbane, huyo ndiye alimwingiza kwa raga ligi, ile ya watu 13, si 15 kama yetu, na saa hii kijana anajua NRL, ligi yao kuu ya Australia, kuliko mimi najua watoto wa ndugu zangu. Oktoba 2025 fainali yao ilianza saa tano na nusu asubuhi yetu, siku ya Jumapili, akakataa kwenda kanisa akabaki kwa simu, Broncos wa Brisbane wakatoka nyuma wakapiga Melbourne Storm 26-22, nyumba nzima ya jirani ilisikia akipiga kelele. Niliporudi kutoka kanisani nikamkuta bado amesimama.

Shida ikaja juzi. Nilimwambia Jumamosi twende mechi akasema, nanukuu, "Baba hiyo raga yenu inasimama simama, skramu mnasukumana dakika tatu, lainiauti mnangoja mpira urushwe kutoka nje dakika mbili, mnaangalia nini?" Wadau, niliumia. Nikamjibu vibaya nikamwambia anashabikia watu wasiojua hata Nakuru iko upande gani, nikachomoa wifi. Tangu hapo ananisalimia tu, chakula anabeba anaenda kula chumbani.

Sitaki kumlazimisha lakini pia sitaki hii kitu ikatike na mimi. Baba yake anaenda uwanjani miaka thelathini, yeye atakuwa wa simu tu? Nisaidieni.

Njoro_Ngano:
Mzee shukuru Mungu. Wangu ni kamari ya simu usiku kucha, ningepewa kijana anapiga kelele juu ya trai, bao la raga, ningechinja mbuzi.

MzeeWaLanet:
Wifi umechomoa, ukae nayo hivyo hivyo. Siku hizi watoto wanaambiwa ndio kwa kila kitu. Sisi tulibebwa uwanjani bila kuulizwa na tukapenda.

KochiKakamega:
MzeeWaLanet kwa heshima nakataa. Nafunza raga vijana huku Kakamega miaka mingi, na mtoto aliyeletwa kwa lazima namjua kwa kuangalia tu, anakaba na mikono, bega haliko.

Sasa FlankaWaFreeArea nikuambie kitu huenda hujui kuhusu huo mchezo wa kijana. Raga ligi ilizaliwa Huddersfield, Uingereza, 1895, na haikuzaliwa juu ya sheria, ilizaliwa juu ya mshahara. Wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodi na viwanda, Jumamosi wakienda kucheza wanakatwa pesa ya kazi, klabu zao zikataka kuwafidia hiyo siku na wakubwa wa London wakakataa, basi zikajitoa. Baadaye ndio wakaanza kubadilisha mchezo ndio watu walipe kuingia: 1897 wakatupa lainiauti, 1906 wakatoka watu 15 wakawa 13. Na unajua hao wawili walioondolewa ni kina nani? Ni flanka. Namba yako boss.

Kwa hivyo nikisoma vile umeandika naona kijana amependa raga ambayo wewe haumo ndani yake, na sidhani mnagombana juu ya skramu. Yeye hajui hivyo, wewe pia sijui kama ulikuwa umejua.

Pia kwa haki, alichosema kuhusu kusimama si uongo. Ligi unapewa mara sita kuangushwa, ukiangushwa unasimama unaviringisha mpira nyuma na mguu mchezo unaendelea, ya sita ikiisha unawapatia wapinzani mpira. Kijana aliyelelewa na klipu hiyo inamfaa. Lakini huyo huyo kijana huku kwetu nikimwekea sevens, raga ya watu saba, anatulia kabisa, dakika saba saba na mpira haukai chini. Anza na sevens, usianze na dakika themanini za matope.

FlankaWaFreeArea:
Kochi hiyo ya flanka sikuwa naijua. Nimeisoma mara tatu.

Dala_Binti:
Niko Kisumu, ni msichana, na niruhusuni niseme yangu. Baba yangu alikuwa anabeba kaka zangu wawili kwenda raga, mimi naachwa. Kaka zangu leo hakuna hata mmoja anaangalia. Mimi ndiye nilianza kucheza nikiwa chuo, na nilianza juu niliona Lionesses, timu ya sevens ya wanawake wa Kenya, wameenda Olimpiki ya Rio 2016, niliona kwa TV ya hoteli nikingoja chipsi. Mtu wa kwanza nyumbani kuniuliza "mechi ilikuwaje" alikuwa mama. Baba alikuja kuuliza baada ya miaka miwili. Swali tu hilo, na nililia.

Mzee, je, umewahi kumuuliza huyo kijana mechi ilikuwaje? Ile ya Broncos, ulipotoka kanisa ulimkuta amesimama. Ulimuuliza?

MgeniHull:
Salamu kutoka Hull, Uingereza, ingawa mimi ni wa Nakuru, nimekulia Section 58. Nafanya kazi kwa nyumba ya wazee na huu mji ni wa raga ligi kabisa, umegawanyika mara mbili, upande wa magharibi ni Hull FC, mashariki ni Hull KR. Nikifika sikuwa najua, nikavaa shati jekundu na jeupe kwa shifti, mzee mmoja akakataa chai yangu. Kumbe nimevaa rangi za KR.

Huyo mzee ndiye alinifunza. Aliniambia 1980 timu zote mbili za Hull zilifika fainali ya Challenge Cup, kombe la raga ligi, Wembley, mji ukabaki mtupu, mtu akaweka bango kwa barabara ya kutoka mjini akiomba wa mwisho kutoka azime taa. KR wakashinda 10-5. Alikuwa anasimulia hiyo 5 kama mtu anasimulia msiba.

Sasa mjukuu wake. Anakuja Jumapili, hajui hiyo 1980 na hataki kujua, anaangalia NRL kwa simu kama kijana wako, mashabiki wa umri wake hata hapa kwenye chimbuko wengi wanafuata Australia juu ndiko pesa na kasi iko. Nilikuwa nawaona wamekaa kimya saa nzima. Siku moja mjukuu akamwekea simu mbele akamwonyesha trai moja, mzee akashika simu na mikono miwili, macho yake si mazuri, akasema "huyo wing'a amekaa pabaya." Mjukuu akarudisha klipu kuangalia. Ni kweli, alikuwa amekaa pabaya. Hiyo Jumapili waliongea mpaka saa ya dawa.

Nisichosema ni kwamba mjukuu alianza kwenda uwanjani. Hakuanza. Bado anaangalia Australia.

Njoro_Ngano:
Hiyo ya mikono miwili imenigusa aisee.

MzeeWaLanet:
Sawa, nimesoma. Lakini klabu zetu nazo zitaishi na nani? Mtu wa simu halipi kiingilio getini. 2016 Kabras walipochukua Kenya Cup mara ya kwanza walikuwa na kampuni ya sukari nyuma yao, sisi wengine ni watu wanaokuja. Wakiacha kuja hiyo nyasi itakuwa shamba.

KochiKakamega:
Hapo uko sawa MzeeWaLanet, na hiyo inaniogopesha pia mimi.

FlankaWaFreeArea:
Wadau nimerudi, poleni nimekawia.

Dala_Binti, jibu ni hapana. Sikumuuliza. Nilimwambia avue viatu vya nje kwa kapeti.

Na kuna jambo sikuandika mwanzoni. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa Mumias, Ingwe damu, ile timu ya kandanda ya AFC Leopards, redio sikioni kila wakicheza. Raga alisema ni mchezo wa walowezi na watoto wa mabweni, hakuwa amekosea sana ukiangalia vile ilifika hapa Nakuru. Alikuja kuniona mara moja tu. Alisimama kwa fensi na koti lake la kijivu, nikamwona, nikakaba kama mwehu ndio anione, nikiangalia tena kabla ya mapumziko hakuna mtu. Hatukuwahi kuzungumzia hiyo siku. Mimi nami sikuwahi kukaa naye na hiyo redio.

Juzi usiku nikarudisha wifi. Sikusema kitu. Jana nikamwambia kijana, hebu nionyeshe hii ya mara sita inaendaje. Akaniangalia kwanza kama kuna mtego. Kisha akachukua mto wa kiti, akalala chini sebuleni, akasimama, akauviringisha nyuma na kisigino, mama yake anauliza mnavunja nini. Nikamuuliza flanka walienda wapi. Akasema walitolewa zamani, halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwani baba wewe ulikuwa unacheza namba gani?" Miaka yote hiyo na ile jezi alikuwa amevaa, nambari iko mgongoni, hakuwa ameiona.

Athletic hajasema atakuja. Sijamuuliza na sitamuuliza wiki hii. Kochi, hiyo ya sevens nimeiweka, Prinsloo, mashindano ya sevens ya hapa Nakuru, ikifika nitanunua tiketi mbili niziache mezani.

Sasa nina swali lingine la haraka kwa wenye kujua. Jumatano kuna State of Origin, raga ligi ya majimbo mawili ya Australia, Queensland na New South Wales, ameniambia inaanza kama saa saba mchana ya huku. Niko kazini mpaka saa nane lakini naweza omba ruhusa. Mechi yao inachukua muda gani na mapumziko? Na mtu anavaa rangi gani kama hataki kuonekana anaunga mkono upande wowote? Yeye ni Queensland.

MgeniHull:
Dakika 80 kama yetu, ukiweka na mapumziko hesabu karibu saa mbili. Queensland ni maruni, ile damu ya mzee, wale wengine samawati. Vaa ile jezi yako ya namba 7, kama bado inakutosha.