Naomba ushauri: darubini yangu ya eksirei inatoa picha nzuri katikati tu

Kimondo: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya fizikia. Mradi wangu ni kuiga kwenye kompyuta njia ya miali ya eksirei ndani ya darubini. Nimetumia kioo kimoja cha parabola. Nyota ikiwa katikati, miali inakutana vizuri. Nikiisogeza kando kidogo tu, picha inatawanyika kama pete. Wiki 2 natafuta kosa silioni. Pia, nijilinganishe na Chandra au XMM-Newton, darubini za eksirei zilizo angani? Zimebaki wiki 5 na mada hii naipenda, sitaki kuiacha.

Mwezi_Mchanga: Ndugu, hujakosea. Parabola peke yake ndivyo ilivyo. Eksirei ikikipiga kioo wima inazama humo humo, kwa hiyo lazima ikiparaze, na kwa mwendo huo kioo kimoja huvuruga kila kilicho kando. Mwaka 1952 mwanafizikia Mjerumani Hans Wolter alionyesha dawa yake: nyuma ya parabola weka kioo cha pili cha haipabola (mpindo wa umbo jingine), mwali uguse vyote viwili.

Jipime hivi. Kila mguso hupinda mwali mara 2 ya pembe ya kuparaza, migusano miwili mara 4. Kioo cha nje cha Chandra kina kipenyo cha mita 1.2, fokasi (umbali hadi miali inapokutana) mita 10. Gawa 0.6 (nusu ya kipenyo) kwa 10, kisha kwa 4: pembe ya kuparaza ni rediani 0.015, hata nyuzi 1 haifiki.

Mama_Fizikia: Mwanangu, chukua Chandra. Ina jozi 4 tu za vioo vinene vilivyopakwa metali ya iridiamu, na hupambanua nusu ya sekunde ya tao (sekunde 1 ya tao ni nyuzi 1 ikigawanywa kwa 3600). XMM-Newton ina darubini 3, kila moja maganda 58 membamba ya nikeli yenye dhahabu. Inakusanya miali mingi zaidi, ila ukali ule haina. Ukianza na 58, wiki zitakwisha. Afadhali ukiinamishe kioo cha pili kidogo kidogo, uone picha inavyoharibika.

Pwani_Angani: Kwenye utangulizi usiisahau Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, karibu na kwetu Malindi. Haikuwa na kioo cha kukusanya miali, lakini orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Huwa naumia wanafunzi wetu wasipoitaja.

Kimondo: Asanteni sana! Nimeongeza haipabola, pete imetoweka, pembeni kumebaki ukungu kidogo tu. Uhuru nitaiandika ukurasa wa kwanza. Mama, kuinamisha nianzie wapi?

Mama_Fizikia: Sekunde 1 ya tao, kisha 5, kisha 10. Chora grafu uilete hapa.