Mrejesho: spika za boksi la gitaa la besi

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Niliuliza nibadilishe vipi spika mbili za inchi 10 zilizochanika kwenye boksi la gitaa langu la besi. Ushauri wa kutazama omu (kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) kabla ya wati (kipimo cha nguvu) ndio ulionifaa zaidi. Muuzaji pale Mwembe Tayari, Mombasa, alinitolea za omu 4, na amplifaya yangu haitaki chini ya 4. Mbili za omu 4 zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) hubaki 2. Za 8 hubaki 4. Nikachukua za 8. Chanya na hasi pia muwe makini: ukigeuza moja, spika hupingana na besi hupotea. Skrubu zililiwa na chumvi ya bahari, nimeweka za stenlesi. Uzi wa E, ule wa sauti nzito, sasa unasikika hadi nyuma ya ukumbi, mzito na safi!